Naomba Mbegu

Mume wa mdogo wangu ana neno moja analolipenda kuliko mke wake, nalo ni odiensi. Sisi wote kwake ni odiensi, watu wa kuonyeshwa matangazo. Ukimkaribisha chai anakutazama kama mtu anayejiuliza wewe ungebofya kitu gani. Nimemvumilia kwa sababu ni shemeji yangu, na kwa sababu mdogo wangu alimpenda, kwa sababu anazozijua mwenyewe. Lakini kumheshimu nilishindwa, na nikishaeleza alichomfanyia baba yangu, mtaona kwamba sina roho mbaya.

Zamani alikuwa mtu mwenye kazi. Alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha karibu na stesheni ya Mpanda, si mbali na pale ninaposhonea. Watu walimwachia simu zao asubuhi na jioni wakazikuta. Kisha akaingizwa kwenye kundi fulani la simu, ambamo jamaa mmoja anayepiga picha akiwa ameegemea magari ambayo nina hakika si yake alikuwa anawafundisha vijana kupata pesa wakiwa wamelala. Kibanda kikafungwa. Kazi yenyewe mpya alinieleza mara nyingi, kila mara kwa sauti ya mtu anayemfundisha mjinga. Unachukua bidhaa ya mtu mwingine, ambayo hujawahi kuishika wala kuiona. Unapewa linki yako. Unalipia tangazo mtandaoni, tangazo linawafuata watu kwenye simu zao, na mtu akibofya linki yako akanunua, mwenye bidhaa anakukatia kamisheni. Asiponunua, hela ya tangazo imekwenda.

"Sasa si udalali tu huo?" nilimwuliza.

"Dada, nyie watu wa Mpanda mtachelewa sana," alisema. "Hii ni afilieti."

Dalali wa ng'ombe pale mnadani angalau ng'ombe anamjua. Anamfungua mdomo, anamshika nundu, na mnyama akifa njiani Wasukuma wanajua nyumba ya dalali iko wapi. Shemeji yangu alitaka udalali usio na ng'ombe, usio na mnada, na usio na mtu anayeijua nyumba yake. Siku moja alimpigia baba simu kujisifu kwamba sasa ananunua trafiki ya kutosha, yaani watu wa kupitia linki yake. Baba akanipigia mimi kwa hofu, akiuliza mkwe wake amemhonga askari gani wa barabarani na kwa kosa gani, maana hata pikipiki hana.

Baba yetu anaishi Kasekese. Ni mkulima, na kitu pekee anachojivunia mbele za watu ni mahindi ya bibi, yaani ya mama yake. Ni mahindi mafupi, meupe, yenye punje ngumu ambayo dumuzi huitoboa kwa taabu. Siku hizi watu wanapanda mbegu za dukani kwa ajili ya kuuza, lakini karibu kila mji pale kwetu ulikuwa na kipande cha shamba cha mahindi ya bibi, kwa ugali wa nyumbani, na mbegu yake ilitunzwa kwa baba peke yake. Kila mavuno baba alikuwa anachagua mahindi mazuri kuliko yote, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko, moshi uyalinde mpaka mvua zikaribie.

Mvua zikikaribia, akina mama walikuja kuchukua. Hapo palikuwa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa wa bibi. Mbegu ile haikuuzwa. Hakutumwa mtoto wala mume. Mama wa mji alikuja mwenyewe na ungo wake, akapiga goti kidogo uwanjani, akasema, "Baba, naomba mbegu." Basi. Baba alishusha, akapukuchua, akamjazia ungo, na baada ya mavuno mama yule alirudisha ungo wenye mahindi aliyoyachagua mwenyewe. Wasukuma walipohamia na ng'ombe wao, wake zao walifundishwa maneno hayo, wengine kabla hawajajua Kiswahili kingine cha maana. Nimeyasikia utoto wangu wote. Hayakuwa na ubaya wowote, na aliyeyawekea ubaya namjua.

Alikwenda Kasekese na mdogo wangu wakati wa mavuno. Kwetu mkwe wa kiume ana adabu zake. Hacheki ovyo mbele ya baba mkwe. Akiwa anaharisha, anasema anaumwa kichwa. Mambo ya chumbani hayataji hata kwa mafumbo. Na yeye, nasikia, adabu zote alizitimiza. Alikaa pembeni, akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba kwa unyenyekevu mkubwa ampige baba picha na mahindi yake. Baba alifurahi. Akaingia ndani akavaa koti la kanisani, mama akamtengeneza kola, akasimama chini ya yale mahindi akiwa ameshika mengine mikononi.

"Baba, sema neno kidogo kuhusu mbegu zako," mkwe alisema, simu ikiwa inarekodi.

"Mbegu yangu," baba akasema, kwa sauti yake ya kusoma somo kanisani, "haijawahi kuniangusha tangu ujana."

Wote walidhani anataka kuyatangaza mahindi. Hata mimi nilipoambiwa nilifikiri, haya, pengine hatimaye ana faida.

Tangazo nililiona kibandani kwangu. Nilikuwa nampima mteja gauni, mwalimu mmoja mcheshi, naye amenyoosha mikono huku simu imewaka kiganjani. Akaanza kucheka mpaka futi ikanitoka. Kisha akanyamaza ghafla, akanigeuzia ile simu.

"Fundi, huyu si baba yako?"

Alikuwa baba. Koti la kanisani, mahindi mkono huu na mkono huu. Juu ya kichwa chake pameandikwa kwa herufi kubwa: MBEGU ZAKO ZIMECHOKA? MZEE HUYU WA KATAVI ANATOA SIRI YAKE. Chini yake kulikuwa na chupa ya vidonge vya nguvu za kiume na kitufe cha kuagiza. Ukiigusa ile picha, baba anafungua mdomo na kusema mbegu yake haijawahi kumwangusha tangu ujana.

Nilifunga kibanda. Nilimkuta shemeji amejilaza kwenye kochi, simu kifuani, anasubiri hizo pesa za watu waliolala. Hakuona haya hata kidogo. Ningependa kusema uso ulimshuka, lakini ule uso haushuki.

"Dada, usipaniki. Picha walizonipa wenye bidhaa ni za Wazungu wenye misuli, watu wanazipita tu. Nilihitaji sura ya nyumbani. Halafu mbegu si mbegu?"

"Na kwa nini ukaliweka lionekane huku huku kwetu?"

"Huku tangazo ni rahisi. Halafu wazee wa kijijini hawapo mtandaoni."

Nilimwuliza zile simu alizokuwa anachaji siku zote alidhani watu wanazifanyia nini. Alichonijibu ni kwamba atalitoa, ila nimpe muda kidogo, kwa sababu ndilo tangazo lake lililobofywa kuliko yote. Lilibofywa kweli. Watu walikuwa wanabofya ili wamcheke baba yangu, wanawatumia wenzao nao wamcheke, kidonge hakuna anayekinunua, na kila mbofyo shemeji yangu alikuwa anaulipia kutoka mfukoni mwake. Sijawahi kuona ujinga unaogharamiwa kwa bidii namna ile.

Aliposhawishika kulitoa, mdogo wangu akiwa amelia mpaka sauti imekauka, lilikuwa limeshazunguka Kasekese yote kwenye simu za wachunga ng'ombe, za waendesha bodaboda, za wanakwaya. Wanaume walimvuta baba kando wakimwomba kimya kimya awapunguzie kidogo hiyo dawa. Alipowaeleza kwamba hana dawa yoyote, walimkasirikia kwa uchoyo. Mama alinipigia.

"Nimezaa na huyu mzee watoto wote nyie," alisema, "leo ndiyo nasikia alikuwa mgonjwa." Alicheka, halafu hakucheka tena, na Jumapili ile hakwenda kanisani.

Baba mwenyewe alisubiri mvua, kama kila mwaka.

Mvua zikakaribia na uwanja ukabaki mtupu. Akina mama waliogopa ile sentensi. Waume zao waliwakataza kuitamka, eti mke wangu akapige goti mbele ya mzee wa kwenye simu aombe nini? Walikwenda dukani wakanunua pakiti. Akaja mmoja tu, mama wa Kisukuma jirani yetu, mwanamke asiye na makuu, na ungo wake chini ya kwapa. Akapiga goti. "Baba, naomba..." Na pale barabarani vijana wa bodaboda wakapasuka kicheko hata kabla hajamaliza. Yule mama akatazama chini. Kisha akasema, "Naomba maji."

Mama akamletea maji. Akayanywa yote, akashukuru, akaondoka na ungo wake mtupu. Mama aliponisimulia hilo kwenye simu nililia, na katikati ya kilio nikamtukana shemeji yangu matusi ambayo sitayaandika.

Niliamua nitakwenda mimi. Nyuma ya nyumba yangu Mpanda nina kiwanja kidogo, nilipopanda mboga tu. Kama hakuna mwanamke mwingine atakayesema yale maneno, nitayasema mimi, kwa sauti, barabara nzima inisikie, na anayetaka kucheka acheke. Siku hiyo hiyo mdogo wangu na mumewe walikuwa wanakwenda kuomba radhi, na kuku na kitenge cha mama. Nilipanda bodaboda nyuma yao. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa Mwese, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yangu mdomoni kama mtoto anayekwenda kusoma shairi.

Radhi iliombwa. Baba aliipokea kwa kutikisa kichwa, maana mkwe hagombezwi. Tukatengewa chakula barazani, shemeji akawekewa sahani yake pembeni kama desturi inavyotaka. Ugali ulikuwa mweupe, mtamu, na kwa mbali ulikuwa na harufu ya moshi. Nilikula tonge la pili, nikaona nisichelewe. Nikashuka uwanjani, nikapiga goti, nikapaza sauti.

"Baba, naomba mbegu."

Barabarani hakucheka mtu.

"Umechelewa, mwanangu," baba alisema. "Ndiyo hiyo mnayokula."

"Yote?"

"Yote. Nimeipeleka mashineni. Sikutaka mama wa watu aje tena achekwe kwenye uwanja wangu."

Mama aligeuza uso kuelekea jikoni. Mdogo wangu aliweka tonge lake chini. Mimi nilibaki nimepiga goti, mdomoni bado nina ladha ya mahindi ya bibi, sijui niyameze au niyateme. Ndipo shemeji yangu, ambaye hakuwa ameelewa chochote, akasogeza sahani yake mbele na kuniomba, kwa adabu zote za mkwe, nimwongezee ugali.