Shangazi Alivyofia Ukurasa wa Saba

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kukera. Nasema hivyo kwa mapenzi, na nasema mapema msije mkadhani nimekuja kumpaka mafuta. Ukimpelekea kadi ya harusi, hakuulizi bibi harusi ni nani. Anatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba na kuizungushia tarehe duara: "Tarehe kumi na mbili si Jumamosi. Hawa wanaoana lini hasa?" Mwenye duka la jirani aliwahi kuandika ukutani kwamba anauza maziwa ya leo. Shangazi akasimama pale na kikapu mkononi kumhoji gari la maziwa limefika saa ngapi na nani amelipokea. Watu walimwita Kalamu Nyekundu, wachache mbele yake na wengi akishapita.

Gazetini alianza kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kunakili habari za waandishi kama zilivyo, lakini kila alipokuta kosa alilirekebisha bila kuombwa, mpaka waandishi wakaenda kumshtaki kwa Mhariri Mkuu. Mhariri akasoma yale marekebisho, akakuna kichwa, akampa Shangazi meza ya peke yake karibu na mlango wa choo, na cheo cha msimamizi wa masahihisho. Meza ile aliikalia miaka thelathini na mmoja, na harufu ile aliizoea.

Juu ya meza alibandika maswali matatu. Nani kasema? Amejuaje? Anapata nini? Asingekuwa Shangazi kama angeyaacha kazini. Jirani wa Bibi alipotumiwa kwenye simu ujumbe kwamba kitunguu saumu kikilazwa ndani ya soksi kinaondoa kisukari, Shangazi alimkalisha chini.

"Nani kasema?"

"Daktari mmoja."

"Daktari yupi?"

"Wameandika tu 'daktari'."

Kabla ya swali la tatu jirani alikuwa ameshavua soksi.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Bibi, yaani mama yake mzazi. Bibi alikuwa na miaka themanini na minne, mtoto wa jicho macho yote mawili, na presha iliyotaka kidonge kila asubuhi. Shangazi alipiga simu kila siku saa moja na nusu kumkumbusha kidonge, kisha jirani akaja kumsomea gazeti. Kwa Bibi lilikuwa "gazeti la mwanangu". Likisema mvua itanyesha, nguo zilianikwa ndani hata jua likiwaka. Taarifa ya habari ya redioni aliihesabu kuwa umbea, mpaka gazeti liithibitishe.

Kanuni za kazi Shangazi aliziandika kwenye daftari lenye jalada gumu, kila moja na kisa chake. Ya kwanza ilisema mtu haaminiwi kwa habari zake mwenyewe, kwa sababu ya diwani aliyetangaza amechimba kisima, na mpiga picha alipokwenda akakuta mbuzi wamelala pale mahali penyewe. Nyingine ilisema habari ya kifo au uhai wa mtu lazima iwe na mashahidi wawili, mmoja wao awe mzazi, mwenza au mtoto wake. Nilipolisoma daftari lile nikamuuliza, "Na mpwa je?"

"Mpwa hayumo."

"Kwa nini?"

"Mpwa anasikia tu mambo."

Nilinuna wiki nzima. Yeye hakuwa na mume wala mtoto. Nguo zake nilifua mimi, na pale kitandani pake akiugua nilikesha mimi.

Sasa, gazetini pale kila mwandishi mpya alifanya zoezi la kuandika tanzia. Ni habari fupi lakini ngumu, maana majina, umri na tarehe vyote vinasomwa na watu wenye uchungu. Zamani waandishi walijichagulia marehemu wao wa mazoezi. Shangazi akakataza. "Usimuue mtu asiye na habari," alisema. "Niueni mimi. Mimi ninajua." Basi kwa miaka mingi Shangazi alikufa mfululizo. Aliumwa na nyoka, akaangukiwa na kabati, akazama kwenye mto ambao, kama alivyoandika pembeni kwa wino mwekundu, mwezi ule huwa umekauka. Hakuna kifo kilichomridhisha.

Mpaka alipokuja mwandishi mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kuwa karani wa zahanati. Huyu hakubahatisha. Alipiga simu shule aliyosoma Shangazi, akachimbua faili za kazini, akamuua kwa presha, asubuhi, nyumbani kwake, bila mbwembwe. Shangazi alisoma mara mbili. Alitafuta kosa kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto, asipate. Wenzake waliniambia aliinuka, akampa mkono yule mama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa waziri. Akaandika juu ya karatasi, "Sahihi kabisa," akatia saini, akaiacha mezani na kwenda kunywa chai.

Na pale gazetini karatasi yenye saini nyekundu ya Shangazi haikusomwa tena na mtu. Ilichukuliwa. Mpangaji wa kurasa, aliyefanya naye kazi miaka ishirini, alipita, akaichukua, akasoma kichwa cha habari, akakaa chini kulia. Baadaye walimuuliza kwa nini hakugeuza shingo kumwangalia marehemu akinywa chai dirishani. Akajibu, "Amesaini mwenyewe. Mimi ni nani nimpinge?" Akamtafutia picha nzuri.

Ijumaa asubuhi Shangazi alikuwa amekufa, ukurasa wa saba, safu mbili.

Hata saa moja na nusu haijafika, jirani wa Bibi alinipigia simu akilia. Nikampigia Shangazi, akapokea.

"Nimeona," akasema. "Umri wamepatia."

"Shangazi! Bibi ameshasomewa!"

Nikasikia kiti kikisukumwa. "Nakuja," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Tulikutana mlangoni kwa Bibi. Ndani viti vya kuazima vilikuwa vimeshapangwa, sebule imejaa. Shangazi alipoingia jirani alipiga yowe na kuangusha chupa ya chai. Mzee mmoja mwenye usingizi akampa mkono na kumwambia pole kwa msiba, naye kwa mazoea akajibu asante. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, gazeti limekunjwa mapajani. Chai hakuigusa. Kidonge kilikuwa juu ya kisosi, kizima.

"Mama, ni mimi."

Bibi akamgeukia jirani. "Sauti inafanana."

"Mama! Mimi mwanao! Niko hai!"

"Nani kasema?" Bibi akauliza.

"Nasema mimi!"

"Wewe ndiye mhusika. Mtu haaminiwi kwa habari zake mwenyewe, mwanangu alinifundisha. Na unapata nini? Unapata kuwa hai. Wewe una faida kubwa." Akalipapasa gazeti. "Hili linasema amekufa. Hili halijanidanganya miaka thelathini na mmoja."

"Basi meza kidonge, mama, nakuomba."

"Kidonge cha nini? Aliyekuwa akinikumbusha ameondoka."

Nikaona machozi ya Shangazi kwa mara ya kwanza. Alimgusa mkono, Bibi akauvuta taratibu, kwa adabu, kama unavyouvuta kwa mgeni.

Simu ya Shangazi ikalia. Ilikuwa Mhariri Mkuu, anaongea mbio. Gazeti la Jumamosi linafungwa saa kumi, na baada ya hapo hakuna jingine mpaka Jumatatu. Je, yeye aandike masahihisho sasa hivi, ndiyo? Sauti ya Shangazi si anaisikia mwenyewe?

Jamani. Nisikilizeni vizuri maana hata leo sijapoa. Shangazi alifuta machozi, akasema, "Mashahidi wawili wako wapi?"

"Dada, nazungumza na wewe!"

"Mimi ni mhusika. Jirani wa mama ameniona, huyo mmoja. Bado mzazi."

"Lakini mama yako anasema umekufa!"

"Ndiyo. Kwa hiyo huwezi kuandika."

Nikampokonya simu. Nikamwambia Mhariri mimi ni damu yake na nathibitisha kuwa yu hai, tena ananikera. Shangazi akainyakua. "Mpwa hayumo," akasema, akakata.

Ikawa hivyo. Gazeti lilimngoja Bibi, na Bibi alilingoja gazeti. Saa zikaenda. Ilipofika saa tisa kidonge bado kilikuwa kwenye kisosi, na mikono ya Bibi imeanza kutetemeka. Nilitaka kuwachapa wote wawili, mmoja kwa gazeti na mwingine kwa daftari. Shangazi alikuwa ameketi miongoni mwa waliokuja kumlilia, mikono mapajani, amezeeka ghafla.

Bibi akaanza kuwasimulia watu habari za marehemu.

"Nilimzaa Jumanne," akasema. "Mvua inanyesha usiombe."

"Alhamisi," Shangazi akasema.

Bibi akarudia. "Mvua inanyesha..."

"Jua, mama. Kali. Mkunga aliomba maji mara mbili, ulisema mwenyewe."

"Shule alianza na miaka mitano."

"Sita na nusu."

Bibi aligeuza uso wake polepole kuelekea ile sauti.

"Huyo ni nani," akauliza, "anayenisahihisha kwenye msiba wa mwanangu?"

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nipeni simu," Bibi akasema.

Nikampigia Mhariri, nikaweka sauti kubwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Naye, masikini, alifuata utaratibu.

"Nani anasema?"

"Mama yake mzazi."

"Umejuaje kwamba yu hai, mama?"

"Nimesema mambo matatu, ameyasahihisha yote matatu. Maiti wana adabu kuliko hivyo."

"Na, samahani mama, unapata nini?"

Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. "Napata mtoto," akasema.

Kisha akanyoosha mkono, na Shangazi akamwekea kidonge kiganjani.

Msidhani yaliishia hapo. Mhariri alisoma rasimu yake: tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Shangazi, pua bado imeziba kwa machozi, akamkatiza. "Usumbufu haujitokezi wenyewe. Tumeusababisha sisi. Andika hivyo. Na tumuombe radhi mama yangu, si 'wote walioguswa'. Ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, picha ile ile." Jumamosi, katikati ya tanzia za watu, Shangazi alitokea akitabasamu chini ya maneno YU HAI. Jirani aliisoma mara tatu. Bibi alipofikishwa kwenye "kwa mujibu wa mama yake" alimwomba arudie tena, akameza kidonge bila kukumbushwa na mtu.

Bibi alifariki miaka sita baadaye. Tanzia ya Bibi aliiandika Shangazi mwenyewe, na siku ile tu sikuona wino mwekundu popote.

Shangazi alimfuata mwaka jana, presha, asubuhi, nyumbani kwake, kama yule karani wa zahanati alivyoandika. Nilipiga simu gazetini. Mpangaji wa kurasa, sasa mzee kabisa, alilifungua daftari na kunisomea ile kanuni: mzazi, mwenza au mtoto. Nikasema basi hamna mtu, maana mpwa hayumo. Akasoma tena, kisha akasema pembeni kuna maneno yameongezwa, kwa wino mwekundu, na tarehe ya ile Jumamosi: "au mpwa".

Nilikaa chini. Akaniacha nilie, kisha akauliza kama inavyotakiwa, "Umejuaje?"

"Nimemwambia alizaliwa Jumanne, mvua inanyesha," nikasema. "Nimerudia mara tatu. Hakunisahihisha."