Nyuki wa shimoni Waberi: kwa nini tulihamisha nyumba badala ya kuwachoma

Wakuu, asalaam aleykum.

Mimi ni bibi wa Garissa. Shuleni sikukaa sana, kwa hivyo msinisahihishe herufi. Haya niliyaona kwa macho yangu, wallahi siongezi chumvi.

Nimesoma hapa mtu akiuliza dawa ya nyuki walioingia shimoni karibu na nyumba. Majibu yenu ni petroli, kiberiti, maji moto. Acheni hiyo kwanza, mnisikilize.

Miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Waberi, wakati nyumba bado chache. Mimi nilikuwa na aqal, ile nyumba yetu ya fito zilizopindwa na mikeka juu. Hiyo nyumba ni mali ya mwanamke. Yeye anajenga, yeye anabomoa, yeye anaipakia juu ya ngamia.

Binti yangu Halima alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, yuko ndani ya arobaini. Kwetu mzazi hatoki nyumbani mpaka arobaini iishe.

Mvua ikanyesha, nyuki wakaingia kwenye shimo la kichuguu cha zamani karibu na mlango wangu. Hawakuwa na shida. Wanatoka, wanarudi, kila mtu na kazi yake.

Shida ilikuja na Mama Abdi, mama wa mume wa Halima. Alitoka Hulugho kuja kuona mjukuu, na hakuna nilichofanya kikampendeza.

"Walaal, ndugu yangu, unamlea mjukuu wangu na wadudu?"

"Wadudu wako nje, wewe uko ndani. Kaa."

Hakukaa! Jioni tulikuwa tunamfukiza mzazi kwa uunsi, ubani wetu wa manukato. Mama Abdi akachukua chetezo, akakiweka mdomoni mwa shimo.

"Nzi wanakimbia moshi huu. Nyuki ni nani?"

Wakuu, nyuki hapendi manukato. Walitoka wote. Mama Abdi alikimbia mpaka kwa jirani, shuka kichwani, anasoma kila dua anayoijua. Mimi nikaangusha mkeka wa mlango. Halima akamlalia mtoto kumkinga, akaumwa mikono na shingo. Mtoto hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini nyuki wangapi wanatosha kumuua mtoto mchanga? Wachache tu.

Abdi, mume wa Halima, akaja na mafuta ya taa.

"Mama, nawachoma sasa hivi."

"Utachoma mikeka, na mke wako yuko ndani yake."

"Basi Halima ahamie kwa jirani."

Mama Abdi, mdomo umevimba kama mkate, akapiga kelele: "Hatoki! Arobaini haijaisha!"

Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza tulikubaliana.

Nikakaa nikafikiri. Mzazi hatoki nyumbani, sawa. Lakini nani alisema nyumba haitoki?

Baada ya swala ya alfajiri, kuna baridi, nyuki wamejikunyata shimoni, nikawaita wanawake wa jirani. Nikawaambia hakuna manukato, hakuna moshi, hakuna mtu kupiga kelele. Tukavua mikeka mizito, tukabakisha ya kumsitiri. Tukang'oa fito, tukainua nyumba nzima.

Nyumba ikatembea. Halima naye akatembea ndani yake, mtoto kifuani, hajatoka hata hatua moja. Mama Abdi ameshika fito ya mbele, uso bado umevimba, ananong'ona, "Taratibu nyinyi, mnanibebea mjukuu!"

Tukaiweka mwisho wa boma, kwa mbuzi. Kiangazi kilipoingia, maua yakaisha, nyuki wakahama wenyewe. Nao ni watu wa kuhama, kama sisi.

Nilichojifunza: kabla ya kupigana na nyuki, uliza ni nani kati yenu anayeweza kusogea kwa urahisi. Kama nyumba yako ni ya mawe, funga mlango ule, pita mwingine, mtafute mrina asali.

Mpaka leo Mama Abdi anawasimulia watu kwamba wazo lilikuwa lake. Nimemwachia. Mjukuu tulimbeba wote.

Waliowahi kuishi na nyuki mlangoni, leteni yenu. Na nyinyi wa petroli, andikeni pia, ila kwanza mseme nani alikuwa amelala ndani.