Pete Niliyoikataa kwenye Gego Langu

Nina stashahada ya ujenzi, niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe huko Maskati, na nyumba yangu ya mtaa wa Chemchem nimeichora na kuisimamia mimi. Nayataja haya mapema ili ieleweke kwamba kosa langu halikutokana na kutojua.

Mwaka juzi gego langu la chini kushoto lilioza hadi kwenye mzizi. Daktari wa meno hapa mjini, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alilichimba, akatoa mshipa, akaliziba kwa muda. Kazi ingemalizika baada ya wiki mbili. Akataka kulivika pete ya chuma kwa siku hizo.

"Zimebaki kuta tu, mzee. Ukilitafunia kitu kigumu litapasuka."

Nikamfundisha habari za kuta. Nilimfundisha kwa kirefu, nusu ya mdomo ikiwa na ganzi, mate yakinitiririka kidevuni: zege, lenta, uzito unavyoshuka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe unajua. Sasa nikuvike?"

"Mimi si mtu wa kutembea na chuma mdomoni."

"Basi nilipunguze kimo, lisigusane na la juu."

Nikakataa pia. Kitu changu hakipunguzwi.

"Haya. Upande huo usitafunie kitu. Hata wali."

Jumamosi nikaenda kijijini Goweko kumsalimia shangazi. Kwake mgeni hupewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vikawa kama mbao. Ukiwa umetoka mbali, shangazi anakupa bakuli kisha anakutazama mdomoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nikulowekee kwenye chai, kama tunavyowafanyia watoto?"

"Shangazi, mimi ni Mnyamwezi."

"Nilisikia huko Maskati mlikuwa mnakula tende."

Nikatupia kipande kikubwa kushoto, maana kulia nina mapengo. Kikalia ko. Sikusikia maumivu, mshipa ulishatolewa. Ulimi tu ndio uliokuta ukingo mkali, na kitu kigumu ambacho hakikuwa kiazi. Shangazi alikuwa bado ananitazama. Nikameza vyote, nikachukua kipande cha pili.

Jumatatu daktari alimulika, akagusa. Lilikuwa limepasuka mpaka chini ya fizi.

"Hili halitibiki tena, mzee. Nalitoa. Kipande kingine kiko wapi?"

"Nilikimeza."

"Kwa bahati mbaya?"

"Hapana. Shangazi alikuwa ananiangalia."

Akavuta dawa kwenye sindano. Hakucheka. Nikafungua mdomo, safari hii si kwa kufundisha.