Mchekesha Watoto Aulizwe Kama Mposaji

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu zinalala kama mtama uliopigwa na upepo. R na L zinanichanganya mpaka leo, kwa hiyo mkikuta nimekosea, someni tu mnavyojua. Naandika polepole. Lakini haya nitayaandika mpaka mwisho, kwa sababu nimechoka kusikia yakisimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwapo.

Kazi yangu ni kuchekesha watoto. Anayeniona njiani hawezi kuamini. Nina aibu. Nikimwamkia mtu mzima, shikamoo yangu inaishia mdomoni, mpaka mama anikumbushe niirudie. Mbele ya watu naangalia vidole vya miguu yangu. Ila nikikaa nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba, mkono umo ndani ya kikaragosi cha gunia chenye macho ya vizibo vya soda, nazungumza kama mwenye duka. Nina bibi mchoyo, nina mbuzi mlafi, nina bwana shamba anayeogopa nyuki. Nilianza nikiwa msichana wa kazi mjini Singida, katika nyumba ya wafanyabiashara, watoto wa mama mwenye nyumba walipokuwa wakigoma kula. Niliporudi kijijini kwetu, njia ya kwenda Kinampanda, nikaitwa kwenye mahafali ya chekechea, halafu Shule ya Jumapili, halafu majirani zetu Waislamu wakaniita siku ya Idi. Watoto wa Idi na watoto wa Krismasi wanacheka vilevile.

Wakati wote huo hakuna aliyeniuliza lolote. Nilikuwa binti wa fulani, ikatosha.

Kisha akaja yule bwana. Alizeti ilikuwa imeshavunwa, na kamati ya sikukuu ya watoto pale kanisani ilitaka safari hii kitu kikubwa. Alikuja na gari lake, spika mbili, maputo, pua nyekundu na viatu virefu kama mitumbwi. Sitamnyima haki yake: alikuwa hodari. Alijifanya anapanda ngazi isiyokuwepo, akateleza, akalia kama mtoto mchanga, na mimi niliyekwenda kumtazama kwa jicho la mwenzake wa kazi nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Jioni ile alikuwa ameshajua majina ya watoto wengi kuliko mwinjilisti wetu. Aliwapa pipi. Aliwabeba mabegani.

Baadaye akaiambia kamati kwamba ameona vipaji. Angechagua watoto wachache, awachukue mjini kwa siku kadhaa awafundishe kucheza, walale kwake, halafu awarudishe siku ya sikukuu wakiwa wameiva. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye anatembea kwa mikono kuliko kwa miguu.

Mama alifurahi sana. Alikuwa anachekecha unga nilipomwuliza mtoto atalala wapi huko. Akasema kwake huyo bwana. Nikauliza, na nani? Akaendelea kuchekecha. Akasema mwenyekiti wa kamati anamjua.

Nikaenda kwa mwenyekiti, mzee tunayemheshimu, ambaye ndiye aliyenipa kazi ya kwanza kanisani. Akasema mwinjilisti anamjua. Nikaenda kwa mwinjilisti. Akasema, si ameletwa na mwenyekiti? Nikarudi nyumbani nikiwa nimewazunguka wote. Kila mmoja alimjua kwa kuwa mwenzake anamjua, na hakuna aliyemjua.

Na sisi si watu wasiojua kuuliza. Hilo ndilo lililonichoma. Kwetu kijana akija kuposa, haachiwi aondoke na sifa alizojipa mwenyewe. Anatumwa mtu kijijini kwake, na kwenye ukoo wetu anayetumwa ni shangazi. Anafika kama mpita njia, anashika ungo, anapepeta mtama na akina mama wa huko, na katikati ya habari za mvua na bei ya vitunguu anauliza. Alipoposwa dada yangu mkubwa, shangazi alirudi na habari kwamba kijana ni mkali akilewa, na kwamba babu yake aliwahi kusogeza mpaka wa shamba. Babu mwenyewe alishakufa. Tulimuulizia hata marehemu kwa ajili ya mwanamke mzima mwenye miguu ya kukimbilia. Lakini mtu wa kuondoka na watoto wetu, tulimuuliza kama anakula ugali wa mtama.

Kamati ilikutana kanisani Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nilikwenda bila kuitwa, nikasimama mlangoni. Yule bwana alikuwepo, ameketi mbele na mwenyekiti. Nikasema kwa sauti yangu ndogo kwamba watoto wasiondoke kabla hajaulizwa alikotoka. Wa mbele hawakusikia, wa nyuma wakawapelekea maneno yangu, na yalipofika huko yakawa kicheko. Kijana wa kwaya akasema mwenye mbuzi wa gunia ameona mwenye gari. Wakacheka tena.

Yule bwana hakucheka. Aligeuka akaniambia kwa upole kabisa, "Dada yangu, kazi ya watoto ni kubwa, inatutosha wote. Usiogope, sitakunyang'anya."

Hapo nikaelewa nilivyokamatwa. Lolote ambalo ningesema juu yake lilikuwa limeshapewa jina, na jina lenyewe ni wivu. Nilitaka kukimbia, na nisingekuwa na mdogo wangu ningekimbia. Badala yake nikasema, "Hata mimi hamjaniuliza. Anzeni na mimi."

"Tukuulize nini, binti?" mwenyekiti akasema. "Tumekuona ukibebwa mgongoni."

"Mjini hamkuniona. Nimekaa huko na watoto wa watu. Mpigieni mama wa ile nyumba."

Nikamtajia namba. Nadhani alipiga ili yaishe. Akaweka simu kwa sauti kubwa, ikasikika mpaka kwenye benchi za nyuma. Yule mama alipoambiwa ni watu wa kijijini kwangu, kwanza alidhani nimekufa, akaanza kusema inna lillahi. Alipojua mimi ni mzima, akafunguka. Akasema mimi ni polepole kama konokono. Akasema sufuria yake ya pilau niliiunguza mpaka ikatupwa. Akasema ukinituma dukani andaa na chakula cha jioni. Watu walikuwa wanakufa kwa kicheko, nami nimesimama palepale masikio yakiwaka moto.

Mwenyekiti akamwuliza, na kwa watoto je?

"Kwa watoto sikuwahi kumkuta amefunga mlango akiwa nao," yule mama akasema. "Lakini baba, mbona mnaniuliza leo? Mtoto wa watu ameshawachezea watoto wenu mara ngapi?"

Kicheko kikaisha. Mwenyekiti akashukuru akakata simu.

Kuulizwa kuliniuma, sitasema uongo. Habari ya sufuria imenifuata hadi kisimani. Lakini kuulizwa hakuui mtu. Nilikuwa nimesimama, nimeulizwa, ni mzima.

Basi ikawa zamu ya yule bwana. Mwenyekiti alimwuliza kwa adabu nyingi, karibu aombe radhi, ni wapi amewahi kufanya kazi. Akasema mkoa mzima. Akaombwa ataje kijiji kimoja tu. Akataja kimoja cha upande wa Misigiri, nami sitakiandika hapa. Kisha akasema anashangaa watu wa Mungu kuwa na mashaka, na kwamba kwingine anapokelewa kwa vigelegele. Mgeni akisema hivyo kwetu, wenyeji wanainamisha vichwa. Mwenyekiti alikuwa ameshafumba macho afunge kikao kwa sala.

Shangazi yangu, aliyekuwa benchi la akina mama, akasema, "Usifunge. Mimi nitakwenda huko. Watoto wasiondoke mpaka nirudi."

Nusu ya ndoa za kijiji chetu zimepitia mdomoni mwa shangazi. Hakuna aliyembishia.

Alikwenda kwa bodaboda, akalala huko, akarudi. Alisema aliwakuta akina mama wakichambua vitunguu akakaa nao. Alipotaja yule mchekeshaji walimsifu kidogo, halafu vitunguu vikawa na kazi nyingi kuliko midomo. Mama mmoja akachukua ndoo akaelekea kisimani. Shangazi akamfuata, akamwuliza kwa maneno yaleyale ya posa: nimetumwa kuuliza, mtoto yuko nyumbani kwetu. Kwetu, mtu akiulizwa hivyo hadanganyi. Akificha, na ile nyumba ikiungua, moshi ni wake.

Yule mama akatua ndoo. "Kama ni mtoto wako, usimpe," akasema.

Shangazi akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba yalimalizwa kifamilia. Wazee walikaa, yule bwana akatoa mbuzi, wakachinja wakala, na wenye uchungu wakaambiwa wanyamaze kwa heshima ya mtoto. Akajitwika ndoo akaondoka.

Kamati iliposikia hayo iligawanyika. Mwenyekiti alisema neno la mwanamke mmoja asiye na jina, kisimani, si ushahidi, na mtu anaweza kuharibiwa maisha kwa neno kama hilo. Alisema kweli, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba siombi mtu afungwe. Nasema mdogo wangu haendi.

Lakini mama hakuwa amesema haendi. Gari lilipokuja asubuhi iliyofuata, mtoto alikuwa ameshavaa gauni la kanisani, mfuko wa nguo mkononi. Wenzake walikuwa wamesimama na mifuko yao, na mama zao pembeni, kila mmoja akimwangalia mwenzake aone atafanyaje. Nikaushika ule mfuko. Mdogo wangu akavuta. Akalia, akaniambia mbele ya watu kwamba mimi siyo dada yake. Sikuuachia.

Yule bwana akafungua mlango wa gari akatabasamu. "Wivu utakuzeesha mapema, dada," akasema.

"Na nizeeke," nikamwambia. Nilimtazama usoni. Sijui kama nimewahi kumtazama mtu mzima usoni kabla ya siku ile.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani atanifokea. Alimwangalia mtoto, akaliangalia gari, akasema, "Mwanangu, rudi ndani." Hakupaza sauti. Mama wa pili akaita wa kwake. Kisha wa tatu. Wakaitwa wote kwa majina yao mpaka pale barabarani akabaki yeye na mimi, na yeye akapanda gari lake akaondoka.

Mimi na shangazi tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Alitusikiliza, hakututania, akasema wao watakwenda kule kijijini pamoja na askari wa dawati la jinsia na watoto. Walikwenda. Waliyoyakuta siyaandiki. Ni ya mtoto mwingine, na si yangu kuyabeba barabarani.

Wapo mpaka leo wanaosema nilimfukuza mwenzangu ili nibaki peke yangu. Sikukuu ile kamati haikuniita. Ilialika kwaya, na watoto wakasinzia. Mdogo wangu hakunisemesha mpaka mvua za kwanza, na hata sasa nikimkumbusha anageuza uso. Anaamini nilimkosesha kitu. Aamini. Ninamwona kila asubuhi akienda shule, ananuna, ana afya yake.

Ninachokataa ni lile neno, kumalizwa kifamilia. Mbuzi analiwa siku moja. Aliyemtoa anapanda gari, anakwenda kijiji cha pili na pipi mpya, na kijiji cha pili hakijui kwa sababu cha kwanza kimeshiba. Wanaita hiyo heshima ya mtoto. Mtoto hakukaa kwenye kile kikao wala hakuonja ile nyama. Nasema hivi nikiwa mwenye aibu kuliko wote kijijini: aibu ya wakubwa isifunikwe kwa kanga ya mtoto.

Sasa kamati inauliza. Anayekuja kuchekesha watoto anasema alikotoka, na mtu anatumwa huko akaulize kama tunavyouliza posa. Anacheza uwanjani, wazazi wakimwona. Haendi na mtoto popote. Wengine wananuna. Mmoja, mpiga sarakasi, alicheka akataja vijiji vyake vyote kabla hajamaliza soda, akasema ana watoto na yeye angeuliza. Huyo tunafanya naye kazi. Na mimi naulizwa kila nikiitwa, na kila mara habari ya sufuria inarudi, na kila mara najibu.

Ninyi mnaosoma, niandikieni. Kwenu mnamuuliza vipi mtu anayekuja kuwachekesha watoto, na mnamtuma nani? Na kama hamuulizi, niambieni mnamwogopa nani. Nitawajibu mmoja mmoja, hata kama nitachelewa.