Taa Zilizopita Juu ya Tembe

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, nikitoka Dodoma mjini kwenda vijiji vya upande wa Mpwapwa, naendesha pikapu niliyoinunua kwa jasho langu. Shule niliishia darasa la tatu, na sioni haya kusema, maana waliomaliza la saba ndio walionipungia mkono niwape lifti. Siku hiyo fundi mmoja wa mtaa wa Makole alikuwa amenifungia globu mpya za mbele, kali kuliko zile zilizokuja na gari. Nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa nakwenda kwa kina Sechelela, msichana niliyemposa, nikasikie jibu la baba yake.

Jua lilikuwa limezama na nyuma nimejaza mizigo ya watu. Nikawasha. Mwanangu, ule mwanga haukushuka barabarani, ulinyooka mbele. Mara nikaona macho ya ng'ombe yanang'aa, nikakanyaga breki. Gari lilisimama, lakini kundi lilikwishatawanyika kwenye miiba. Katikati ya vumbi alibaki mzee mmoja amejiziba uso, anapapasa kwa fimbo akitafuta ukingo wa barabara. Nikashuka mbio. Alikuwa Mzee Ndahani, baba yake Sechelela.

"Shikamoo, baba."

"Zima hayo makitu yako kwanza, nimjue ninayesema naye."

Nikazima. Akanitazama.

"Kumbe ni wewe! Unataka kuniletea ng'ombe wa mahari, na hawa nilio nao unawafukuza. Mkwe wa namna gani?"

"Ni taa mpya, baba. Zinaona mbali sana."

"Unaona wewe. Mimi umenipofusha kwenye njia ninayopita tangu sijaota meno."

Tukawatafuta ng'ombe mpaka wakatimia, naye hakunisemesha tena, isipokuwa pale mlangoni kwake. "Mtu asiyejua anayekuja mbele yake anaonaje, nitamkabidhije binti? Karekebishe taa zako. Zikinipofusha tena, usirudi hapa." Jamaa yangu mmoja alinicheka, akasema nimenyimwa mke kwa ajili ya globu. Mimi sikucheka. Nilimtaka Sechelela kama sijapata kutaka kitu.

Kesho yake jioni nikaliegesha gari mbele ya tembe lao, mahali tambarare. Tembe unalijua, nyumba ya udongo, paa lake bapa, fupi kiasi kwamba mtu mrefu anaingia kwa kuinama. Nikawasha taa za chini, zile za kupishana na watu. Ukuta ukabaki gizani. Mwanga ulipita juu ya paa ukamulika matawi ya mti wa nyuma. Sechelela akacheka mpaka akashika mbavu.

"Unatafuta popo, wewe?"

Akachukua mkaa, akachora mstari ukutani usawa wa taa za gari. Nikachukua bisibisi, nikazungusha skrubu za nyuma ya taa, huku yeye anaelekeza, shusha, shusha tena, hapo umezidisha. Mwanga ukakaa chini ya mstari, upande huu na upande ule. Nikajipangusa mikono, kazi imekwisha.

"Gari lako lini lilikwenda tupu?" akauliza.

Akawaita kaka zake wapande nyuma, wakapandisha na magunia ya karanga. Gari likakaa kitako, pua ikainuka, na mwanga ukaruka mstari mpaka ukingoni mwa paa. Nikachukua tena bisibisi, mwanangu. Nikaanza upya.

Tulipomaliza, Mzee Ndahani akaenda mbali kule njiani, akageuka, akaja akitembea kuelekea gari. Sechelela alisimama kando yangu, vidole vyeusi kwa mkaa. Mzee akaja, akaja, mkono wake haukupanda usoni. Akafika, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Waambie wazee wako waje," akasema, akaingia ndani.

Sechelela ndiye mke niliyezaa naye na kuzeeka naye. Sasa hayupo. Njia ile imewekwa lami, tembe limebomoka, na nikipita pale napunguza mwendo bila sababu ya kumwambia mtu. Nimejenga, nimenunua magari mengine, lakini ningeyatoa yote nisimame tena mbele ya ukuta ule, naambiwa na sauti yake nishushe kidogo, kidogo tena.

Leo naona vijana wa mtaa wa Area D mnafunga taa nyeupe kama mchana, halafu mnaondoka hivyo hivyo. Sikukatazi kufunga, mwanangu. Ila ukifunga, usiondoke kabla hujatafuta ukuta na mahali tambarare. Pakia gari kama unavyolipakia siku zote, chora mstari usawa wa taa, ushushe mwanga ukae chini yake. Kisha fanya lile ambalo hakuna fundi atakufanyia: shuka, nenda ukasimame anaposimama mwenzako, uangalie gari lako kwa macho yake. Na usiishie kwenye gari. Hata nyumbani kwako, kabla hujajisifu kwamba unaona mbali, kaulize wa mbele yako anaonaje.

Mungu akupe safari njema, mwanangu. Akupe mwenza wa kukwambia ukweli huku anacheka. Na kila utakayepishana naye njiani, afike kwao salama.