Shoka Lililopozwa kwa Haraka

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya mjini yalijaa mashoka yanayong'aa kutoka nje. Langu lilikunjika makali siku ya tatu. Jumatatu iliyofuata, msimamizi wa wakataji miti kule Olmotonyi angechagua watu, na asiye na shoka imara asingechukuliwa. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani. Niliihitaji kazi ile.

Nikaenda Sakina kwa mhunzi aliyefua mashoka kutokana na springi za malori. Sisi wafugaji wa magharibi ya Mlima Meru tulilelewa kumdharau mhunzi. Hatukuketi kwake wala hatukula chake. Nilisimama mlangoni, nikiogopa kuonekana.

"Shikamoo, mzee," mhunzi alisema. "Keti. Nikishakufulia shoka, nitalipoza kwenye oili, kisha nilipashe moto tena."

"Marahaba. Lichovye kwenye maji, niondoke."

"Litakuwa gumu kama glasi, na litavunjika kama glasi."

"Nimekwambia lichovye!"

Akalifua, akalichovya kwenye maji. Nyumbani, pigo la pili tu kwenye gogo la mkaratusi, makali yakaruka vipande.

Jumamosi nilirudi. Alicheka. "Naona wenzako hawakukuona, mzee, ila gogo limekuona." Nilistahili.

Safari hii niliketi. Alichukua vipande vitatu vya springi moja, vyote vikiwa vyekundu kwa moto. Cha kwanza alikitia majini: nyundo moja, kikakatika. Cha pili alikifukia kwenye majivu kipoe taratibu. Kikapindika kama waya. Cha tatu alikipoza kwenye oili, akakipasha kidogo; alipokipinda, kikarudi.

"Ndani ya chuma mna chembe," alisema. "Ukizishtua, zinakazana hadi hazina pa kusogea. Ukizibembeleza mno, zinalegea. Shoka linataka katikati."

Kisha akalifua upya shoka langu, akalipoza kwenye oili. Alipolipasha tena, alitazama rangi ikitambaa juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano ya majani makavu, ikielekea kahawia. Hapo hapo akalitoa. Hakuwa na kipimo ila macho yake. Nimekutana na wasomi wengi. Macho ya namna ile sijayaona tena. Mchana nilikula makande yake.

Jumatatu msimamizi alilijaribu shoka kwenye mti, akapapasa makali, akaniandika. Kisha akauliza limetoka wapi. Nilimjibu kwa sauti, mbele ya watu wa ukoo wangu, kwamba limetoka kwa mhunzi wa Sakina, na kwamba nilishinda kwake kutwa nzima.