Hodi ya Binamu wa Bibi

Juzi, mpakani Manyovu, nilimwona afisa wetu wa uhamiaji, binti mdogo tu, akimrudisha dirishani abiria wa Burundi aliyekuwa akipita huku anasema sisi sote ni Jumuiya.

"Ni kweli, kaka yangu. Lakini pasi kwanza."

Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kwa bibi, kijijini Itetemia. Njia ya zamani ya misafara ilipita kando ya uzio wake, na siku hiyo uwanja mzima ulinukia karanga. Binamu yake kutoka Burundi aliingia moja kwa moja hadi jikoni, kikapu cha dagaa begani. Bibi hakuacha kugeuza karanga zake.

"Rudi nje ya uzio, kaka, upige hodi."

Nililia, nikidhani anamfukuza ndugu yetu. Hodi iliposikika, bibi alifuta mikono, akatoka mwenyewe, akampokea kikapu, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Bibi, si ungemwacha tu apite?"

"Akishajiingilia, mimi nitamkaribisha saa ngapi?"

Pale dirishani, muhuri uligongwa. "Karibu sana Tanzania," binti yule alisema, akitabasamu. Nami pale kwenye foleni nikanyoosha mgongo, kama mwenye nyumba.